Naomba ushauri: onyo la SSPORT.SYS haliondoki hata printa ikifutwa

Wakuu, hii ni kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 na printa ya leza ya zamani, ya USB. Antivairasi inalalamikia faili la SSPORT.SYS kuwa ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha printa) yenye udhaifu wa kiusalama. Onyo ni la kweli: udhaifu huo umesajiliwa kwa namba CVE-2021-3438, uliotangazwa Julai 2021, unagusa draiva za printa za HP, Samsung na Xerox, na unampa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Wa "puuza tu, mbona inaprinti" apite.

Kufuta printa kwenye Settings hakutoshi; faili linabaki C:\Windows\System32\drivers na linapakiwa kila mashine ikiwaka, hata waya ukichomolewa. Nimeshatumia amri ya printui /s /t2, inayofungua orodha ya draiva za printa, nikaondoa draiva pamoja na kifurushi chake. (Ikigoma kwamba draiva inatumika, iwashe upya Print Spooler, huduma ya Windows inayosimamia kuprinti, kisha ufute haraka kabla haijaishika tena.) Bado amri ya sc query SSPORT, inayoonyesha hali ya draiva, inasema RUNNING, yaani bado inafanya kazi.

Sasa nataka kufungua CMD kama administrator, niandike sc delete SSPORT ili kuifuta kwenye orodha ya huduma za Windows, niwashe kompyuta upya, ndipo nifute faili lenyewe. Aliyewahi kufanya hivi: je, skana iliyomo kwenye printa iliendelea kufanya kazi?

Na baada ya hapo, niweke draiva inayoletwa na Windows Update au ile iliyorekebishwa na mtengenezaji? CD ya printa siigusi, itarudisha faili lilelile.