Mabomba ya maji juu ya dari: tuendelee nayo au tuache?

Mdau wa Ipuli: Wakuu, naleta hoja, hasa kwa tunaojenga hapa Tabora. Siku hizi kila anayejenga anataka choo cha ndani, na mafundi wengi wanapitisha bomba darini, kwenye kenchi, kisha wanalishusha bafuni na jikoni. Hakuna kupasua ukuta, kazi inaisha upesi. Mimi nasema tuache. Mwezi wa kumi jua likipiga bati, humo darini hakukaliki. PVC ya gundi, yaani bomba la plastiki linaloungwa kwa gundi, ikifika nyuzi 43 hubaki na nusu tu ya uwezo iliokuwa nao wa kuhimili presha kwenye nyuzi 23. Panya wamo humohumo, nyaya za umeme zimo humohumo. Kwa shemeji yangu kiungio kiliachia usiku. Asubuhi jipsamu ya chumba cha watoto ilikuwa imelala juu ya godoro. Bahati watoto walikuwa kwa bibi yao.

Fundi bomba, Ng'ambo: Pole kwa shemeji, lakini dari unaionea. PVC darini siweki. Naweka PPR, bomba la plastiki ya aina nyingine, nachomelea kwa mashine, bomba na kiungio vinayeyukiana vinakuwa kitu kimoja. Sasa wewe fukia chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, likivuja utajuaje? Bili ndiyo itakwambia, halafu uvunje marumaru ya chumba kizima. Darini napanda, naona, natengeneza. Nchi za baridi wanaogopa dari kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, bomba linapasuka. Tabora barafu itoke wapi?

Mama wa Isevya: Nyumba yangu ya wapangaji ina bomba darini na halijawahi kuvuja. Kero yangu ni hewa kuingia kwenye bomba. Mnara wa tenki ni mfupi, bomba limekuwa karibu usawa mmoja na tenki. Maji yakipungua, bafu linakoroma tu, halitoi kitu, wakati koki ya uani inamwaga vizuri. Kila siku ni mimi napigiwa simu.

Mdau wa Ipuli: Mama, hapo itabidi mnara upandishwe au bomba lishuke. Fundi, la jamvi nakuunga mkono kabisa. Lakini kwa nini tusizungushe bomba nje, lifukiwe pembeni ya msingi, liingie moja kwa moja ukuta wa bafu na wa jiko, kila tawi na koki yake? Vyoo na jiko vikikaa upande mmoja, bomba lenyewe ni fupi. Ningependa halmashauri iangalie hilo kwenye ramani kabla ya kutoa kibali cha ujenzi.

Fundi bomba, Ng'ambo: Kwa nyumba mpya, sawa. Iliyokwisha kupauliwa na choo kipo katikati? Mimi nitapita darini: PPR iliyovikwa sponji, koki nje, na juu ya chumba cha kulala siachi kiungio hata kimoja. Anayekataa aniambie nipite wapi.