Naomba ushauri: bastola ya kulengea shabaha

Kutoka: Mwana Ujiji, Houston

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari za huko.

Najua humu tumezoea kuulizana habari za kutuma hela, bima ya gari na wapi panapatikana migebuka ya kukausha. Leo mnivumilie. Kazini nina wenzangu wawili, kila Jumamosi wanakwenda renji kulenga shabaha. Wamenichukua mara tatu na nimenogewa. Ile dakika unayoshusha pumzi ukikazia macho karatasi, bili zote unazisahau. Sasa nataka ya kwangu. Ni ya kulengea karatasi tu, sina mpango wa kutembea nayo kiunoni wala kuilalia chini ya mto.

Dukani nimeoneshwa moja ndogo ya 9 mm, inaenea kiganjani, muuzaji anaisifia kweli. Lakini kule renji nimeona za watu zinakwama kila baada ya risasi chache, mwenyewe anabaki kuipigapiga. Ipi isiyokwama? Green card ninayo, huu mwaka wa pili. Mdogo wangu ninayekaa naye yuko kwa viza ya masomo na yeye anataka, kwa hiyo niliwaza ninunue mbili kwa jina langu, moja iwe yake.

Mzee wa Isevya, nasikia ulipiga shabaha miaka mingi ulipokuwa huku. Nisaidie, babu.

Kutoka: Mzee wa Isevya, Tabora

Marahaba mjukuu wangu. Umeme umerudi sasa hivi, ngoja niandike kabla haujabadili mawazo.

Naanza na ulichomalizia, maana hicho ndicho kitakachowapandisha ndege ya kurudi bila kupenda. Usimnunulie mdogo wako. Dukani utajazishwa fomu ya serikali kuu, namba 4473, na humo utaulizwa kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukitia tiki kwenye ndiyo huku moyoni unajua ni ya mwenzio, umedanganya serikali kwa sahihi yako mwenyewe. Tangu 2022 kumnunulia mtu asiyeruhusiwa kuna sheria yake peke yake, na kifungo chake kinafika miaka 15. Na mdogo wako haruhusiwi. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi, kwa sheria ya Marekani, hajakatazwa kununua tu, amekatazwa hata kuwa nayo. Kuna upenyo kwa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, ila upenyo huo msiuingie kwa maneno ya kwenye barua pepe, muoneni kwanza wakili wa uhamiaji. Wewe wa green card unaruhusiwa, mradi umetimiza miaka 21 na unanunua kwenye jimbo unaloishi.

Mdogo wako mtafutie bastola ya upepo, ya 4.5 mm. Usiicheke. Huo ni mchezo wa Olimpiki, mita 10, na duara la katikati, lenye alama kumi, lina upana wa milimita 11.5 tu, yaani kama punje moja ya hindi iliyonona. Sheria ya serikali kuu haiihesabu kuwa silaha ya moto. Majimbo mengine yanaihesabu, New Jersey ni mojawapo, kwa hiyo akihama aulize upya.

Haya, tuje kwako. Hiyo ndogo ya 9 mm muuzaji hakukudanganya, ni nzuri kwa kazi yake, na kazi yake ni kufichwa. Mtutu mfupi, kilengeo cha mbele na cha nyuma vimekaribiana, mkono ukitikisika kidogo tu risasi inakwenda nje ya karatasi. Halafu ni nyepesi, kwa hiyo inarusha mkono. Ukipiga hamsini mkono unaanza kuiogopa, unashtuka kabla ya mlio. Ugonjwa huo niliupata mimi, na sikujua kama ninao. Siku moja rafiki yangu mmoja mzee akanijazia magazini, kile kisanduku cha risasi cha bastola, mwenyewe, akachanganya humo risasi mbili za bandia bila kuniambia. Nikafyatua ya kwanza, pa! Ya pili, kimya, ila mtutu uliinama chini kama mbuzi anayekunywa maji. Mzee yule alicheka mpaka akavua miwani. Ilinichukua miezi kuacha, na sikuacha kwa 9 mm, niliacha kwa .22, ile ya risasi ndogo.

Kwa hiyo anza na .22. Karisasi hako, kwa jina kamili .22 Long Rifle, kapo tangu 1887 na mpaka leo hakuna kalichofundisha watu wengi kukazidi. Hakarushi mkono, na kwa hela ya boksi moja la 9 mm utapiga .22 mara mbili na zaidi. Bastola za kuangalia: Ruger Mark IV, iliyoingia sokoni 2016 lakini ukoo wake ni wa 1949; Browning Buck Mark, ya 1985; na Victory ya Smith & Wesson. Zote mtutu umekazwa kwenye mwili, hauchezi kila risasi inapotoka kama unavyocheza kwenye 9 mm nyingi. Ile Mark IV ina kitufe kwa nyuma, ukikibonyeza inafunguka kusafishwa. Ndugu zake wa zamani walisifika kwa kumtoa mtu jasho kuwarudishia. Ukiipata mkononi kwa mtu, iliyotengenezwa kabla ya Juni 2017, uliza kwanza kama ilirudishwa kiwandani, maana ziliitwa kurekebishwa sehemu ya usalama. Ipo pia Model 41, ya tangu 1957, tamu mno, lakini hiyo iache mpaka umalize kujenga kwenu.

Sasa kukwama. Wewe umeuliza bastola ipi isiyokwama, mimi nakujibu uulize risasi ipi isiyokwama. Baba yangu kule Sikonge alikuwa na gobore la kuwindia kanga. Fataki zake, vile vikofia vya kuwashia baruti, alizihifadhi kwenye kopo la maziwa, juu kaliziba kwa nta ya nyuki, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa, maana fataki iliyopata unyevu ilikuwa ni kulala bila kitoweo. Kwenye 9 mm fataki iko katikati ya kitako. Kwenye .22 haipo kabisa kama kitu cha peke yake: dawa yake imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na bastola inagonga ukingo. Ikitokea sehemu iliyogongwa haikupata dawa, hailii. Hapo bastola haina kosa. Tena nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta, zinachafua haraka chemba, pale risasi inapokaa.

Nunua aina nne au tano, boksi moja moja. Piga kila aina yote, andika kwenye daftari ngapi hazikulia na ngapi ganda halikutoka. Kila bastola ina aina inayoipenda, nyingine inaitapika. Ukiijua, nunua hiyohiyo. Na magazini zako zipige namba kwa rangi ya kucha. Ukiona kila mkwamo unatoka namba mbili, tupa namba mbili, usiilaumu bastola. Watu wengi sana wameuza bastola nzuri kwa sababu ya magazini ya bei ndogo. Ukiona hayo yote ni usumbufu, chukua rivolva ya .22: isipolia unavuta tena, inakuja risasi nyingine. Ila kujaza na kutoa maganda kutakuchosha.

Isipolia, usiigeuze kuitazama! Iache imeelekea shabaha, hesabu taratibu mpaka 30, ndipo uifungue. Na siku utakayosikia mlio mdogo wa ajabu, kama kizibo cha chupa, acha papo hapo. Huenda risasi imebaki ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake utapasua mtutu na mkono.

Usinunue kabla ya kukodi. Renji nyingi huko zina za kukodisha, hakikisha haina kitu, ishike, fumba macho, inyanyue kuelekea shabaha, fumbua. Kama vilengeo vimejipanga vyenyewe, mpini huo ni wa mkono wako. Kama unatazama juu au pembeni, mpe mwingine. Rahisi hivyo, na hakuna muuzaji anayeipenda.

Miwani na vya masikioni vyote viwili. Na ukitoka nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujashika simu wala kipande cha mkate, nguo fua peke yake. Lile vumbi la renji lina madini ya risasi, ni sumu, hasa kama mna mtoto nyumbani.

Kutoka: Binti Mwanga, Stuttgart

Shikamoo mzee. Mwana Ujiji, hongera kaka.

Naongeza kwa wengine wasije wakabeba ushauri wa Houston wakaupeleka kusikohusika. Huku Ujerumani hakuna kuingia dukani ukatoka nayo. Unajiunga na klabu, unahudhuria kwa utaratibu miezi 12, ndipo unapoweza kuomba kibali cha kumiliki, na klabu ithibitishe unaihitaji kwa mchezo. Mwanzoni niliona wananisumbua. Ila ule mwaka nilipiga bastola zote za klabu, na ile niliyoitamani siku ya kwanza sasa hata nikipewa bure sitaki. Ya upepo yenye alama ya F, yaani nguvu yake ni chini ya joule 7.5, mwenye miaka 18 ananunua bila kibali.

Wa Uingereza msijisumbue: baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane, Scotland, ya 1996, bastola za risasi kama hizi zilipigwa marufuku 1997 England, Wales na Scotland. Na Canada kuuziana bastola kumesimamishwa tangu Oktoba 21, 2022.

Kutoka: Mtani wa Urambo, Minneapolis

Watu wa ziwani mlizoea kuvuta nyavu, leo mnavuta triga! Minnesota hapa unaomba kwanza kibali cha kununua, mwenye kutaka ajue. Mzee, je, kijana akitaka kuja nayo likizo atuoneshe?

Kutoka: Mzee wa Isevya, Tabora

Asithubutu. Tuna Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya 2015, na silaha haiingii nchini bila kibali. Mimi mwenyewe niliporudi, mjukuu alichomoa ganda tupu la .22 kwenye mfuko wa koti langu, akaliuliza kama ni filimbi. Lilivuka viwanja vitatu vya ndege nami sijui. Nilikaa chini kwanza. Kagueni mifuko na mabegi yenu yote kabla ya safari, na begi la renji lisiwe begi la safari, kamwe.

Kutoka: Mwana Ujiji, Houston

Wakubwa, zimepita wiki tatu, naleta ripoti.

Nimekodi tatu. Nikafumba macho kama alivyoagiza babu, jamaa wa renji akadhani nasali. Mark IV ilinitazamisha juu kila mara, Buck Mark ilikaa sawasawa, nimechukua hiyo. Risasi nimenunua aina nne. Moja ilikataa mara sita kwenye hamsini, mbili zikaenda vizuri, na moja haijakwama hata mara moja, na ndiyo ya bei ya kati, siyo ya ghali. Nimeandika kwenye daftari la kodi ya nyumba, nafasi nyingine sina.

Mdogo wangu tumemnunulia ya upepo. Gereji yetu ina mita sita tu, tumeweka sanduku lililojaa magazeti ukutani na karatasi mbele yake, mlango wa ndani tunaufunga kwa komeo. Ananishinda. Hasemi kitu, anaibandika tu karatasi yake kwenye friji.

Kuhusu risasi za bandia, nilimwomba mwenzangu wa kazini anichanganyie nisijue. Babu, mbuzi alikunywa pipa zima.