Wanawake wafungwa waliopelekwa Australia, waliishije huko?

Mdadisi wa Usiku:
Wadau habari zenu. Nimekuwa nasomasoma habari za wafungwa wa Uingereza waliokuwa wanatupwa Australia kuanzia 1788, nakuta kati ya watu zaidi ya 160,000 wanawake walikuwa kama 25,000 hivi, ila stori zote ni za wanaume, minyororo, mijeledi, kuvunja mawe. Hao wanawake je, walifungiwa jela au? Kuna jamaa anasisitiza wote walikuwa makahaba, mimi naona kama ananipiga kamba. Na wakimaliza kifungo walirudishwa kwao? Mwenye data amwage hapa.

Bibi Shughuli:
Ukahaba haukuwa kosa la kukupandisha meli, mwambie aanzie hapo. Wengi wao ni wizi, tena wa vitu vidogo tu, hausigeli kaiba nguo au vijiko vya bosi wake anapigwa miaka 7. Hiyo sifa mbaya waliipika wakubwa wa koloni wenyewe. Mwaka 1806 Mchungaji Samuel Marsden aliorodhesha wanawake wa kule, huyu ana ndoa, huyu hawara, na ndoa aliyoitambua ni ya Kianglikana peke yake! Yaani Mkatoliki ameolewa, ana mume na watoto, kwenye daftari la mchungaji ni hawara. Ndo orodha kama hizo watu wanakuja kuzinukuu leo wanasema ni historia.

Kobe:
Jela kama unavyoifikiria wewe hapana, wengi waligawiwa kwa walowezi wakafanye kazi za ndani, kupika, kufua, kulea watoto, kwa hiyo maisha yako yanategemea umeangukia nyumba ya nani. Ukimjibu bosi vibaya au ukikutwa umelewa unarudishwa kwenye kile walichokiita kiwanda cha wanawake. Cha Parramatta, karibu na Sydney, jengo lake jipya lilifunguliwa 1821, cha Cascades kule Hobart, kisiwa cha Tasmania, 1828, hicho kilikuwa zamani kiwanda cha pombe. Humo ndani ni jela, ni karakana ya kusokota sufi, ni sehemu ya kujifungulia, na Parramatta wanaume walikuwa wanakuja kuchagua mke humohumo. Waliwekwa madaraja matatu, ukishushwa la chini kabisa unanyolewa nywele, na wengi waliogopa hiyo kuliko kufungiwa chumba cha giza.

Kilichoniuma mimi ni mimba. Ukipata mimba huko kwa bosi, hata kama ni ya bosi mwenyewe, unayerudishwa kiwandani ni wewe. Unazaa, unanyonyesha, mtoto akiachishwa ziwa mnatenganishwa, wewe kazini yeye baadaye kituo cha yatima na mama yake yupo hai. Na Cascades watoto walikufa sana.

Ila msidhani walikuwa wanyonge tu. Oktoba 1827 pale Parramatta walipunguziwa mkate na sukari, wakavunja geti wakaingia mjini, wakabeba mikate na nyama kwenye aproni zao, askari wakaitwa kuwarudisha 😂

Bibi Shughuli:
Hapo kwenye kurudi kwao, hakuna aliyekurudisha, nauli juu yako. Mwanaume aliweza kuomba kazi ya ubaharia akarudi bure, mwanamke nani angemchukua? Kwa hiyo miaka 7 kwa mwanamke ilikuwa ndo moja kwa moja. Kuna mfungwa anaitwa Mary Bryant, alitoroka 1791 na mumewe, watoto wawili na wanaume wengine saba, kwa boti ya wazi kutoka Sydney hadi Kupang, Timor, wakafika wazima, halafu wakakamatwa, mume na watoto wote wakamfia kabla hajafika London. Upande wa pili kuna Mary Reibey, aliletwa 1792 bado kabinti kwa kuiba farasi, akaja kuwa mfanyabiashara mkubwa wa meli na majumba, na sura yake ipo kwenye noti ya dola 20 ya Australia.

Mdadisi wa Usiku:
Duh, shukrani sana. Hiyo ya daftari la mchungaji namtumia jamaa sasa hivi. Kobe, hao wa Parramatta waliadhibiwa baada ya fujo?

Kobe:
Walikuwa wengi mno, na walisema akiadhibiwa mmoja waadhibiwe wote.