Sili ya shafti ya propela (pete za mpira za kuzuia oili) inavuja, tupo Tanga. Inabadilishwa majini bila kupandisha meli chelezoni, nchi kavu?

Chifu_wa_Tezi
Wakuu, habari za jioni. Wiki ya pili hii sipati usingizi. Ni chifu wa meli ndogo, tunabeba saruji toka Tanga kwenda Wete na Unguja. Tangi la oili ya shafti linapungua lita 6 kwa siku tukitembea, na lita 1 tukiwa gatini. Asubuhi nakuta utando wa rangirangi umezunguka tezi, nyuma ya meli. Bosi anasema niongeze oili nzito mpaka zamu yetu ya chelezo Mombasa, miezi 4 ijayo. Moyo wangu unakataa. Kusini ya hapa ni hifadhi ya silikanti, wale samaki wa kale, na wavuvi wanaopita na ngalawa wameanza kuniuliza. Aliyewahi kuona sili ikibadilishwa chini ya maji anieleze.

Baharia_Mstaafu
Oili nzito inasaidia. Mimi nilimaliza nayo msimu mzima.

Bint_Gatini
Kaka yangu, piga hesabu. Hata mkitembea nusu tu ya siku hizo, ni zaidi ya lita 400 baharini. Toa taarifa bandarini na TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, kabla hujaulizwa, na mwite mkaguzi wa meli yenu. Bila yeye kuwepo, kazi ya majini haitahesabika.

Mzamia_Kigombe
Chifu, inawezekana, nimeshika tochi kwenye kazi kama hiyo. Ila kwanza angalia ngamani, chini kabisa ndani ya meli. Kama sili ya ndani ya chumba cha injini ni kavu, basi inayovuja ni ya nje. Chota na oili kidogo: ikiwa nyeupe kama tui, maji nayo yanaingia, usiendelee na safari.

Wazamiaji wanafungua kinga ya kamba, bamba linalozuia kamba zisiingie kwenye sili, halafu wanaingiza kipimo cha kina kuona shafti imeshuka kiasi gani kwenye beringi. Hapo ndipo kazi yote inapoamuliwa. Beringi ikiwa imelika, shafti inacheza, na sili mpya mtakayoweka itakufa upesi. Hiyo ni ya chelezo, msidanganyane.

Beringi ikiwa nzima, wanafunga kibanda cha turubai nene kuzunguka shafti, chini wazi. Hewa inapulizwa, maji yanasukumwa chini, fundi anafanya kazi mikono mikavu. Pete za zamani zinakatwa. Pete mpya nayo inakatwa sehemu moja, inazungushwa kwenye shafti, kisha ncha zinaunganishwa kwa kalibu ya moto. Maungio yasikae mstari mmoja, na unyevu hata kidogo ukiingia, ungio litaachia. Kama bushi, bomba la chuma lililovikwa shafti, ina mfereji pale mdomo wa pete unaposugua, huwekwa pete ya kusogeza ili mdomo ukae pajipya. Mwisho wanajaza oili na kupima mgandamizo kibanda kikiwa bado kimefungwa.

Na chagueni maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo. Wakati wa bamvua mkondo wa hapa unavuta na tope linapanda, hutaona kiganja chako.

Nahodha_Mzee
Wanangu, kabla ya kulipa wazamiaji, inueni tezi. Pakieni saruji omo peke yake, mbele ya meli, shafti ipande karibu na uso wa maji, mtazame kwa macho yenu. Lakini nahodha akubali hesabu ya uzito kwanza.

Chifu_wa_Tezi
Shikamoo nahodha, ahsante sana. Leo asubuhi tumefanya hivyo, nahodha wetu amepiga hesabu mwenyewe na mkaguzi alikuwepo. Kinga ya kamba ilipotoka tumekuta mshipi wa nailoni umejizungusha kama uzi kwenye kibiringo, umekata pete ya nje na kuuma ya pili. Kipimo kinasema beringi ni nzima, na oili haina maji. Taarifa nimeshapeleka. Bosi nimemwonyesha ule mshipi mkononi, akanyamaza, kisha akasema tafuta watu wa kibanda. Meli haitoki gatini.

Mzamia, maji mafu yanaanza Jumatano. Pete za mpira wa Viton za shafti ya milimita 180 naweza kuzipata wapi kabla ya siku hiyo?

Mzamia_Kigombe
Pima kipenyo cha bushi, siyo cha shafti, maana pete inakaa juu ya bushi. Nitumie namba iliyochorwa kwenye kasha la sili, usiku huu niwapigie mafundi wa Mombasa.