Tupeane uzoefu: riwaya yako ya kwanza ya majoka na wachawi wanaopigana ilikufikiaje?

Mla Kurasa:
Wakuu, habari za muda. Naanza na yangu.

Nilikuwa na miaka 14, nina homa, na kila chenye maandishi mle ndani nilishakisoma, mpaka karatasi ya maelezo ya dawa. Chini ya kitanda cha kaka nikaona kitabu kimebanwa. Nikakivuta kwa nguvu kikatoka bila jalada, kurasa nyingi za mwanzo hazipo. Ninapoanza kusoma, kijana mmoja yuko peke yake kwenye mashua, anabishana na joka kubwa kuliko mnara.

Majoka wachanga alishawaangusha kwa uchawi, nikajua sasa kinakuja kipigo. Wapi! Akamtajia yule joka mzee jina lake la kweli, Yevaud, joka likanywea, maana humo ukijua jina la kweli la kiumbe unakitawala. Jina lenyewe alikuwa kalibahatisha kutokana na habari za kale alizosoma! Joka likajaribu kumhonga: nitakutajia jina la kivuli kinachokuwinda. Na kile kivuli ndicho kilichokuwa kinamnyima usingizi. Alikataa, akaliapisha lisije kusumbua watu wa visiwani. Nilikilaza kitabu kifuani nikabaki natazama dari. Mimi ningeshapokea hongo zamani.

Miaka ikapita ndipo nikajua kilikuwa A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, cha mwaka 1968. Nilipopata nakala nzima ndiyo nikakutana na maelezo kwamba Ged, yule kijana wa kwenye mashua, ana ngozi ya hudhurungi iliyoiva. Mwandishi mwenyewe alilalamika sana kwamba wachora majalada walikuwa wanampaka weupe. Kwa hiyo jalada langu lililong'oka wala halinisikitishi.

Haya, leteni zenu. Ila msiniharibie miisho.

Binti Tanbihi:
Mimi nililetewa na shoga yangu tuliyekuwa tumenuniana miezi miwili. Akaja na bonge la kitabu, karibu kurasa 800, akaniwekea mezani, akaondoka. Jonathan Strange & Mr Norrell, cha Susanna Clarke, 2004. Waganga wawili wa Uingereza enzi za vita vya Napoleon, mwalimu na mwanafunzi wake, wanapendana, wanahitilafiana, wanaandikiana vijembe hadharani. Ujumbe niliupata.

Kosa langu: tanbihi zote niliziruka. Nikaona ni mbwembwe za kisomi. Tulipopatana akaniuliza, "Na zile hadithi za Mfalme Kunguru umezionaje?" Zipi? Kumbe hadithi tamu kabisa zimefichwa kule chini kwa herufi za sisimizi, nyingine zinakula nusu ya ukurasa. Nikarudia kitabu kizima kwa ajili ya tanbihi. Ndiyo maana ya jina langu hapa, kwa walioniuliza.

Kobe Msomaji:
@Binti Tanbihi umeandika "waganga", na mimi hapo ndipo huwa nakwama. Kiswahili kinatubana. Ukisema mchawi, msikilizaji anaona mtu wa usiku anayeloga watoto wa jirani. Ukisema mganga, anaona vibuyu. Nilijaribu kumsimulia bibi kitabu changu, kila nikisema "mchawi mwema" ananikatisha: "Mwema wa wapi?" Mwishowe nikamwita "mjuzi" na hadithi ikaenda.

Ila bibi huyohuyo ndiye aliyenikumbusha kwamba haya si mageni. Akanitajia Adili na Nduguze cha Shaaban Robert: ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku huku roho inamuuma. Tulikisoma tukitafuta majibu ya mtihani, majini yakatupita hivihivi. Nimekirudia ukubwani. Kuchapa nyani unayejua ni ndugu yako, aisee, hakuna vita ya majoka inayonitisha namna ile.

Hakimu wa Vitabu:
Yangu fupi. Niliokota juzuu ya tatu nikidhani ndiyo ya kwanza. Kurasa zote wapiganaji wanamlilia mjuzi mmoja aliyekufa kabla hadithi haijanifikia. Simjui, wala uchungu sina, nikawa naona wanazidisha.

Nikaitafuta ya kwanza. Ukurasa wa pili tu anaingia jamaa kalowa chapachapa, anamtania farasi wake mwenye mabawa kwa kuogopa radi, anaomba mahali pa kukausha soksi. Ndiye yeye. Nilisoma juzuu mbili polepole kama mtu anayekula kipande cha mwisho, na kila alipochekesha nilikasirika.

Binti Tanbihi:
@Hakimu wa Vitabu soksi zimenimaliza. Jina la kitabu?

Hakimu wa Vitabu:
Sitaji. Utaanza na ya tatu makusudi.

Kobe Msomaji:
@Mla Kurasa hujatuambia kaka alisemaje. Naye alikuwa mpenzi wa majoka?

Mla Kurasa:
Hajawahi kusoma hata mstari, mkuu. Alikiweka pale kukiegemeza kitanda, mguu mmoja ulikuwa mfupi. Usiku ule alipojitupa kitandani nusura abiringike, akaja chumbani kwangu kudai kitabu chake. Nikampa cha hesabu. Kilikuwa kinene zaidi.