Mzee wa Kagera akifa, bendera ni haki yake au ni ya wakubwa tu?

Wakuu habari za jioni, naleta hii mada maana tumetoka kuzika huku Bahi, Dodoma, na ukoo mpaka sasa umegawanyika. Mzee wetu alienda vita ya Kagera 1978 akiwa mgambo, akarudi zake akalima uwele na kuchunga ng'ombe mpaka umauti ulipomkuta. Wajukuu wakanunua bendera pale soko la Majengo, ndogo, haifiki hata nusu ya jeneza, wakaibana kwa pini maana upepo wa huku mnaujua wenyewe. Wakaanza kubishana kijani kikae kichwani au bluu, hakuna anayejua, na kabla hawajamalizana kiongozi mmoja wa hapo akasema toeni hicho kitu, bendera ya taifa sio ya kila mtu. Ikatolewa, watu wakazika wamenuna.

Sasa tuongee sheria. Kuna Sheria ya Nembo za Taifa ya 1971, hiyo kazi yake kubwa ni kuzuia watu wasitumie nembo hovyo. Kuna ya 2006 ya mazishi ya viongozi wa kitaifa, hiyo ni ya wakubwa. Huyu wa katikati aliyebeba bunduki na jembe yupo wapi? Marekani tangu 2000 familia ya mwanajeshi mstaafu aliyeaga jeshi vizuri ikiomba tu, lazima waje angalau askari wawili wenye sare, mmoja wa tawi la jeshi alilotumikia marehemu, wanakunja bendera pembetatu wanaikabidhi kwa familia na tarumbeta inapigwa, hata kama ni ya kurekodi. Haiangaliwi cheo. Mimi nasema na sisi iandikwe hivyo, mgambo wakiwemo.

—

Mkuu pole na msiba. Ila Marekani wana hela, sisi zahanati hazina dawa unataka askari wazunguke vijijini na bendera? Na nani atathibitisha huyu alifika Kagera kweli, maana kila mzee kilabuni anasema alimfukuza Idi Amin yeye mwenyewe 😂

—

Gharama gani hapo ndugu, kitambaa na nauli ya askari wawili? Makutupora JKT wapo, Bahi ni mwendo wa lisaa. Kila 25 Julai Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, na hapa Dodoma siku hiyohiyo 2016 ndo ilitangazwa serikali inahamia. Hela ya shughuli hiyo inapatikana kila mwaka, ya mtu mmoja mmoja ndo inakosekana. Hapo kwenye uthibitisho ndo umegusa penyewe, mgambo wengi karatasi zao zimeliwa na mchwa zamani.

—

Mimi natoka Kondoa, kwetu mtu akifa asubuhi alasiri tushazika, hao askari watatukuta tunakula ubwabwa. Halafu jeneza la msikiti lina kitambaa chake chenye aya, bendera juu yake mashehe hawatakubali. Ikiandikwa sheria iseme familia ipewe mkononi hata baada ya arobaini, isilazimishe kufunika.

—

Shehe umenena. Hata hao Wamarekani bendera haishuki kaburini wala haigusi chini, kwa hiyo mwisho wa siku inabaki kwa mjane tu, iwe ilifunika au haikufunika.

—

Napinga. Leo mgambo, kesho mwenyekiti wa chama kata nzima, keshokutwa msanii, mpaka bendera iwe kama khanga ya msibani. Huyo kiongozi wa kijiji alikuwa sawa japo mdomo wake mbaya.

—

Mleta mada narudi. Wewe unayepinga, hoja yako ndo inanipa mimi nguvu: pasipo kifungu kinachotaja nani anastahili, ndipo kila mwenye kiti anaamua kwa mdomo wake na familia inaaibishwa mbele ya jeneza. Kuhusu karatasi, wapo waliotoka nao kijiji kimoja bado wazima, wawili watatu waape mbele ya hakimu wa mwanzo inatosha, ila ifanyike sasa hivi maana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa hivi ana karibu 70. Mwenye mzee aliyezikwa kwa bendera na hakuwa afisa, atuambie aliomba ofisi gani na walimjibu nini.