The Simpsons na fasihi kongwe: acheni kusifia uvivu

Wanajamvi, nimechoshwa na sifa zinazorudiwa humu kwamba kila The Simpsons, ile katuni ya Kimarekani ya televisheni, inapogusa kitabu cha zamani, basi imetufundisha fasihi.

Tazameni kipindi chao cha Halloween cha mwaka 1990. Shairi la mshairi Mmarekani Edgar Allan Poe kuhusu kunguru, lililochapishwa mwaka 1845, lilisomwa kwa beti za mshairi mwenyewe na mwigizaji James Earl Jones, Homer, baba wa familia ya katuni, akiwa mfiwa anayemlilia mpenzi wake Lenore, na mwanawe Bart akiwa ndege. Bart anapochomeka utani wake wa kihuni mahali pa neno moja ambalo Poe alimpa kunguru, "Nevermore" (kamwe tena), dada yake Lisa anamkatiza na kumkumbusha kwamba ndege yule hasemi jingine lolote. Kicheko kinatoka ndani ya shairi, na kitisho chake hakipotei, kwani usiku ule watoto wanalala fofofo huku Homer akitetemeka kitandani. Mwaka 1993 bwana Burns, tajiri anayemwajiri Homer, alimfokea nyani aliyewekwa kwenye taipureta kuandika riwaya, akakosea neno moja tu katika sentensi ya kwanza ya A Tale of Two Cities ya Dickens. Utani wa sekunde chache, usioelezwa, kwa kuwa waandishi walimwamini mtazamaji.

Sasa linganisheni na Hamlet yao ya mwaka 2002, kutoka tamthilia ya Shakespeare, iliyobanwa katika kipindi kimoja pamoja na hadithi za Odysseus, shujaa wa Kigiriki, na Joan wa Arc, shujaa wa Ufaransa. Kusitasita kwa Hamlet, mwana wa mfalme, kulipiza kisasi cha baba yake, ambako ndiko kunakoibeba tamthilia nzima, hakukupewa nafasi. Tumebakiziwa maiti, kisha familia inacheza muziki wa Ghostbusters, filamu ya vichekesho! Utani ninaoukubali ni ule wa Bart, akiwa Hamlet, kujisemea peke yake, Moe, akiwa mfalme muuaji, akamsikia, akaambiwa kwamba kwa kanuni za tamthilia hatakiwi kusikia. Aliyeuandika huo alimsoma Shakespeare. Waliobaki, sijui walisoma nini.

Na msiniambie kwamba muda haukutosha, maana kunguru wa Poe naye alikuwa hadithi moja kati ya tatu za kipindi kile. Wala msiniambie kwamba hii ni katuni tu, kwa sababu ile ya 1990 nayo ilikuwa katuni. Anayeitetea Hamlet hii aje hapa na utani mwingine mmoja, mmoja tu, unaomdai mtazamaji aijue tamthilia ndipo acheke.